Suti ya Posa

Kufikia saa nne asubuhi Félicien alikuwa amefunga kitambaa cha shingo mara tisa na kukifungua mara nane. Mtindo huo aliutoa kwenye kitabu cha maktaba ya mtaani kwao, Kingstanding, chenye picha za mabwana wa Kiingereza wa miaka mia mbili iliyopita, watu ambao kazi yao ilikuwa kuvaa na kutazamwa. Félicien alikuwa akipakia kuku kiwandani, lakini hayo ni mambo ya Jumatatu.

"Grand, leo vaa tu simple, nakuomba," alisema Aganze, aliyeishi naye nyumba moja na kumheshimu kama kaka mkubwa. Alivaa sweta ya kijivu, na jasho lilikuwa likimtoka. "Mzee akikataa, basi imeisha."

"Petit, mimi siwezi ingia kwa watu niko mubaya. Nifungie viatu. Nikiinama, cravate itavunjika."

Aganze akamfungia viatu.

Walifika nyumbani kwa mzee, Hodge Hill, wamechelewa saa nzima. Mzee Mardochée alikuwa na miezi miwili tu tangu atoke kambi ya wakimbizi, na alikuwa hajawahi kumtia machoni kijana anayemtaka binti yake Jeannine. Alikuwa amenuna. Alipoiona ile suti ya rangi ya limau, na kile kitambaa cha shingo kilichokazwa kwa wanga, uso ukamlainika. Kusema kweli Félicien alipendeza, na alijua, na hilo ndilo lililoudhi.

Mzee akamkalisha kwenye kochi la katikati. Aganze akapata stuli karibu na mlango, na wageni wakamrundikia makoti yao mapajani.

Kwa desturi yao mwoaji hafungui kinywa siku ya posa, husemewa. Mshenga wao, Cyriaque, akaongea weee, "kijana wetu" hivi, "kijana wetu" vile. Félicien akawa anatabasamu tu, akigeuka mwili mzima kwa sababu shingo haikugeuka.

"Nilikuja na roho ya kukataa," mzee akasema mwishowe. "Lakini huyu anajiheshimu. Nimekubali. Jeannine, letea bwana yako Fanta."

Watu wakapiga makofi. Jeannine akaingia na glasi kwenye sinia. Félicien akanyoosha mkono wenye pete tatu.

Jeannine akampita. Akapiga magoti karibu na mlango, mbele ya Aganze, mwanaume aliyekuja kumposa.

"Huyu wa makoti?" mzee akauliza.