Kadi Isiyo na Mwaka

Wiki ya tatu sasa Hiske alikuwa amekwama kwenye neno moja, mjane, na mumewe Wobbe aliijua sababu. Tangu Wobbe apasuliwe moyo, barua za hospitali zilikuja kila Ijumaa. Hiske aliziwahi mlangoni, akazifungia kwenye mtoto wa meza. Wobbe hakuuliza. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini anayefichiwa afanye nini?

Hiske alikuwa akiandika kamusi ya asili ya maneno mjini Leeuwarden, Uholanzi.

"Waholanzi, Wajerumani, Waingereza, Warumi wa kale, mpaka Warusi," alimwambia, "wote neno hilo wamelichota kisima kimoja. Maana yake aliyetenganishwa."

"Liandike basi, likutoke."

"Neno la mume aliyefiwa nalo limekatwa kwenye kitambaa cha la mke. Wazee hawakutegemea mume abaki nyuma."

"Wazee walikuwa na akili," akasema Wobbe. Kufa hakukumtisha. Kilichomuunguza ni kumfikiria Hiske akila peke yake kwenye meza hii.

Jumapili Hiske akamsimamisha jikoni. "Koroga, mzee wangu. Usikae kama mgeni rasmi."

"Miaka arobaini sijakoroga, leo ndiyo umenikumbuka?"

"Daktari kasema ujishughulishe."

Supu ya njegere ikashika chini ya sufuria. Hiske alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Kesho tena," akasema.

Wakapika tena kesho yake, na siku iliyofuata.

Ofisini kwa Hiske neno haliingii kamusini bila kadi yenye sentensi iliyotoka kinywani mwa mtu, jina la aliyeisema, na mwaka. Wobbe aliona hiyo sentensi ndiyo inayomtesa mkewe. Mchana mmoja Hiske alipojilaza, kama alivyojilaza kila mchana siku hizi kwa uchovu wa kumhangaikia yeye, Wobbe akaenda kwenye meza ya kazi ya mkewe. Angemwandikia sentensi mwenyewe, amwambie kwamba anajua atamwacha mjane, na kwamba asiogope.

Kadi ilikuwa tayari imeandikwa, kwa mwandiko wa Hiske. Akavaa miwani.

"Mgane: mume aliyefiwa na mkewe. 'Supu ya njegere naipika mwenyewe, Hiske alinifundisha.' Msemaji: Wobbe."

Mahali pa mwaka palikuwa wazi.