Nyumba ya Mgongoni

Nchi ya wanyama ilipogawanyika kwa vita, Bi Kobe alifukuzwa kwao. Alitembea siku tisa na wanawe hadi kwa Korongo, mlinzi mkuu wa haki za wakimbizi, akaomba nafasi kidogo karibu na maji.

Korongo, ndege wa kanuni, alimtazama kutoka huko juu shingo ilikoishia. "Mkimbizi ni aliyeacha nyumba, mama. Wewe umekuja nayo mgongoni."

"Hili ni gamba, bwana. Nyumbani kwangu kumechomwa moto."

"Kanuni haitaji gamba," akasema Korongo, akaenda zake kuhutubia mkutano wa haki.

Mwaka haujaisha, vita vikamfikia na yeye. Kiota kikateketea, akaruka usiku na mchana, akatua bondeni anatweta. Huko wale aliowakataa walikuwa wamejianzishia kambi yao, na mwandikishaji wa majina alikuwa Bi Kobe.

"Niandike, mama. Mimi ni mkimbizi."

Bi Kobe akayakagua yale mabawa bila haraka. "Mkimbizi ni aliyekimbia, bwana. Wewe umeruka."

Korongo akainamisha shingo.

Bi Kobe akamwandika. Hakutaka kufanana naye.