Shikamoo ya Jibu

Jumatatu, tarehe 7 Juni 2066, saa moja na dakika kumi asubuhi, manyunyu yakiilowesha Tukuyu, Mzee Mwakatobe alisimama mbele ya kioo cha simu cha ukutani.

Wiki iliyotangulia aliiandika upya programu ya pampu ya dawa ya mkewe. Lugha ya kompyuta aliyoizoea huhesabu orodha kuanzia moja. Lugha mpya huanzia sifuri. Pampu ikairuka dozi ya kwanza, Mama Tusa akazirai. Mzee akauliza Barazani, jukwaa la mtandaoni la maswali na majibu, na Denisi, kijana wa miaka ishirini na miwili asiyemjua, akamjibu: "Ya kwanza ni sifuri." Jibu likafaa. Na sheria ya Baraza ni sheria: atumiaye jibu la mtu humwamkia kila asubuhi mwaka mzima, la sivyo jibu huondolewa na mashine hukoma.

Denisi akatokea kiooni, anatafuna hindi la kuchoma.

"Haya, mzee. Pampu inangoja."

"Baba Tusa, usimwamkie," mkewe alisema kutoka kitandani. "Huyo ni rika la kitinda mimba wetu! Heri nife."

Mzee, aliyefunzwa bwenini kwamba shikamoo hupanda kwa mkubwa wala haishuki, alikisogelea kioo.

"Shikamoo."

"Sikusikia, mwanangu."

"Shikamoo!"

"Marahaba," Denisi alisema, akatema kapi. "Hujambo?"

"Sijambo," Mzee alijibu, kwa adabu yote.

Pampu ikaanza kunguruma. Deni la siku hiyo lilikuwa limelipwa. Mama Tusa akageukia ukutani, akajifunika shuka usoni.