Vitamini za Dada

"Umekunywa dawa yoyote leo?" daktari alimuuliza binti aliyevimba midomo, vipele vimemjaa mpaka shingoni.

"Vitamini za dada tu. Nilikuwa najisikia mchovu."

Dada mtu, fundi cherehani, alisimama kando ya kitanda na mkono ndani ya mkoba. Kidole gumba kilipapasa kichupa, pale gundi ilipokuwa ikinata bado. Lebo yenye onyo la vipele na uvimbe aliibandua mwenyewe, nyumbani wasijue anakunywa dawa gani.

"Vitamini zipi, mama?" daktari akamgeukia.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Mdogo wake alikuwa akimtazama, akimwamini kabisa.

"Si vitamini, daktari," alisema, akakitoa kichupa. "Ni dawa za virusi vya Ukimwi. Ni zangu."