Abiria wa Sanduku Namba 41

Marlys Hoverson alizima hita ya gari, akavuta kofia mpaka kwenye nyusi, akajiandaa kuganda. Hita ikiwaka, injini nayo huamka, na leo injini haikutakiwa kuamka. Gari likatambaa kwa betri peke yake juu ya theluji iliyoshindiliwa, likielekea sanduku la barua namba 41 bila hata kukohoa.

Kama wasambaza barua wengi wa mashambani huko North Dakota, Marekani, aliketi kiti cha kulia, mbali na usukani, ili ayafikie masanduku ya kando ya barabara kupitia dirishani. Mkono wa kushoto ulishika usukani, na mguu wa kushoto aliunyoosha hadi kwenye pedali za upande wa pili. Miaka kumi na tisa ya kukaa hivyo ilikuwa imemharibu kiuno. Gari hili la haibridi, la betri na petroli, alilinunua Novemba, alipohamishiwa njia hii, na Duane, mkuu wa posta, hakuwa amechoka kumtania.

"Hilo linakunywa petroli, Marlys, au unalisukuma kwa sala?"

"Linakunywa kidogo kuliko wewe, Duane."

Mtu mmoja tu alilipenda kwa ukimya wake. Wiki ya pili, kibendera chekundu cha sanduku namba 41 kikiwa kimeinuliwa, ishara ya barua ya kuchukuliwa, Marlys alikuta ndani bahasha isiyo na stempu. Iliandikwa kwa penseli, kwa mkono unaotetemeka.

"Kwa anayeleta barua. Gari lako halisikiki. Gari la mwenzako aliyestaafu lilisikika tangu darajani, C. akanitangulia sandukuni. Nisaidie nitoke hapa. Usimwambie sherifu, ni binamu yake C."

Zikafuata nyingine nne. C. ameficha simu. C. ananinyima dawa ya nyonga. C. ananiruhusu kufika sandukuni asubuhi tu, tena huku akinitazama.

Nyumba ilijificha nyuma ya miti ya kukinga upepo, na Marlys hakuwahi kuwaona wenyewe. Aliwajua kwa barua zao, kama alivyomjua kila mtu wa njia ile. Thea Brandvold aliletewa jarida la kanisa na katalogi za nyuzi. C. Brandvold aliletewa katalogi za trekta na gazeti la bunduki. Marlys alishamchora kichwani: kitambi, ndevu, mkono mwepesi wa kupiga. Mume wake wa kwanza alikuwa wa namna hiyo hiyo, na hakuna aliyesimamisha gari kumwokoa yeye Marlys. Alimchukia C. kwa moyo wake wote.

Barua ya tano ilikuwa fupi. "Alhamisi, saa tano asubuhi. Nitakuwa sandukuni. Nifikishe kwenye basi."

Saa tano kasoro dakika mbili, mwanamke mwenye koti la kijivu alikuwa amesimama kando ya sanduku, begi mkononi. Marlys akashusha kioo.

"Dada, ni mimi," akanong'ona. "Nimezipata barua zako. Ingia upesi!"

Mwanamke akamtazama kidogo. "Zote?"

"Zote tano. Na sijamwambia mtu."

"Umefanya vizuri," akasema mwanamke. "Umefanya vizuri sana."

Marlys akatupa trei ya barua kiti cha nyuma, akahamia kwenye usukani na kumpisha. Mwanamke akaingia kwa wepesi, akafunga mkanda.

"Yuko wapi sasa hivi?" akauliza Marlys.

"Ndani. Nimemfungia." Akafungua kiganja. Ufunguo ulikuwa na kutu, maana huku mashambani milango haifungwi.

Marlys aliziba mdomo asicheke kwa sauti. "We! Umemfungia! Safi kabisa, naye aonje!"

"Simu ninayo mimi. Na moto wa jiko umezimika."

"Kuni je?"

"Ziko nje."

"Basi na agande huko, shetani mkubwa!"

Hapo pazia la ghorofani likatikisika. Kupitia matawi makavu, Marlys aliona mkono ukipiga kioo, ukipiga tena na tena.

"Ametuona!" Akakanyaga mafuta, injini ikaamka kwa ngurumo, na nyumba ikamezwa na vumbi la theluji. Hakupunguza mwendo mpaka walipovuka daraja. Yule mwanamke hakugeuka nyuma hata mara moja.

Basi lilikuwa halijafika kwenye kituo cha mafuta, mahali liliposimama kila siku. Marlys akanunua kahawa mbili na keki ya mdalasini, wakakaa garini, hita sasa ikiwaka kwa nguvu zote. Machozi yalimtoka yeye, si abiria wake.

"Nisamehe, dada. Ni furaha tu. Mimi mwenyewe sikupata wa kunitoa."

"Una moyo mzuri," mwanamke akasema, akamega keki.

Marlys akapenga kamasi, akakumbuka kazi. Msambaza barua wa mashambani hutembea na posta nzima garini, stempu, fomu na vyote. Akatoa fomu ya kuhama.

"Jaza hii, barua zikufuate uendako. Ukiziacha pale, atakushikia zote."

"Naweza kuhamisha za nyumba nzima?"

"Jaza uonavyo. Leo sioni, sisikii."

Mwanamke akaandika haraka, akaikunja karatasi mara mbili, akaiweka juu ya dashibodi. Basi likaingia. Akashuka, akapanda bila kusaidiwa na mtu, akakaa kwenye dirisha la upande wa pili. Marlys alipunga mkono mpaka basi likapotelea kwenye weupe wa barabara kuu. Hakukumbuka lini aliwahi kujisikia mwepesi hivyo.

Kisha akaikunjua fomu ili aitie tarehe.

Mahali pa jina la anayehama palikuwa pameandikwa kwa wino, kwa mkono usiotetemeka: C. Brandvold. Basi mkono ule uliopiga kioo ghorofani ulikuwa wa Thea.