Puti Mbichi kwenye Mpini

Risasi tano zilitoboa kama tundu moja tu, na tundu lenyewe lilikuwa mahali pabaya: kushoto, pembezoni mwa duara jeusi.

"Loo! Hongera, bibi wee," Hinrich alisema kutoka meza ya pili. "Umetoboa vizuri sana. Si ukashone mapazia tu?"

Wiebke aliweka bastola mezani. Angefungua mdomo yangetoka matusi, na Imke, kiongozi wa timu, alikuwa amesimama nyuma yao na kalamu mkononi. Timu ya majira ya baridi ilikuwa imebakiza nafasi moja. Miaka tisa nafasi hiyo ilikuwa ya Hinrich, na miaka tisa Wiebke alikuwa akiimezea mate. Safari hii alikuja na bastola yake mwenyewe ya upepo, mpya, ya mashindano, si yale makweche ya klabu.

"Hii ni mara ya pili," Imke alisema. "Jaribio la mwisho ni Jumamosi saa kumi. Ukiharibu tena namwandika Hinrich, na sitaki mjadala."

Mtu asikudanganye: bastola mpya hainunuliwi ikawa yako siku hiyohiyo. Wiebke alikuwa ameifyatua zaidi ya mara elfu. Alijaribu risasi za makopo sita mpaka akapata zinazoelewana na mtutu. Mpini aliuchonga kwa tupa na msasa, akajaza puti ya mbao kila palipopwaya, mpaka ukamkaa mkononi barabara. Na kila alipomaliza mazoezi aliandika kwenye daftari ameiacha wapi skrubu ya kilengeo, ile inayosogeza risasi kushoto au kulia.

Siku za mazoezi, risasi katikati. Siku za jaribio, risasi kushoto. Daftari lilisema hivi, skrubu ikasema vile. Kuna mtu alikuwa anaichezea.

Nani mwingine basi? Kabati la silaha analifunga Hinrich, na ufunguo anautundika shingoni kama medali. Ule wa akiba uko kwenye msumari jikoni, na jikoni ni kwa Folkert, mume wa Wiebke, mpole wa watu, aliyeacha useremala siku msumeno ulipomgeuka na sasa anaipikia klabu.

"Irudishe dukani, mpenzi," Folkert alimwambia mezani, akimkatia keki ya siagi. "Imekutesa vya kutosha. Na Jumapili zetu zitarudi. Unakumbuka tulivyokuwa tunakwenda baharini?"

"Siirudishi ng'o! Yule mshenzi nitamkamata kwanza."

Jumamosi alifika mapema. Alipiga tano, zote katikati. Kisha akajifungia kwenye karakana, akaupaka mpini puti mbichi aliyoichanganya na rangi ya mbao. Akangoja mpaka ikaacha kunata. Ukiitazama, mpini uleule. Ukiibonyeza, inabonyea. Hakumwambia mtu yeyote, hata mumewe. Akaishika bastola kwenye mtutu na kuiingiza kabatini mwenyewe.

"Fungia," alimwambia Hinrich.

"Amri yako, malkia," Hinrich alisema, akafunga. "Nenda kapumzike. Leo utatoboa dari."

Wiebke akatoka, akahakikisha wote wamemwona akitoka. Alitembea kando ya mfereji wa nje, kwenda na kurudi mara mbili, kwenye baridi ile.

Alirudi saa kumi kasorobo. Klabu nzima ilikuwa imekaa. Hinrich akafungua kabati, na Wiebke akaiinua bastola kwa vidole viwili tu, kwenye mtutu. Puti ilikuwa imekauka. Kulikuwa na alama za vidole. Akaitazama skrubu, akalitazama daftari, akacheka.

"Njooni wote! Skrubu imezungushwa mizunguko miwili. Na huu mkono si wangu. Mimi nashika kwa kulia, huu ni wa kushoto. Kushoto kashika mpini, kulia kashika bisibisi. Haya, Hinrich, weka mkono wako hapa!"

Hinrich akawa mwekundu mpaka masikioni. "Una wazimu wewe! Miaka tisa nalinda kabati hili, leo unaniita mhuni mbele ya watu?"

"Maneno mengi ya nini? Weka mkono!"

"Weka, Hinrich," Imke alisema. "Kama si wewe, unaogopa nini?"

Hinrich akatukana kwa sauti, akauweka mkono wake wa kushoto juu ya alama. Kidole cha shahada kikaingia. Cha kati kikaingia. Hapo akasita. Akautoa mkono, akaurudisha, akatazama kwa makini kilicho chini ya vidole vyake. Alipoinua uso, kejeli yote ilikuwa imemtoka.

"Wiebke," alisema kwa sauti ya chini. Hakuwahi kumwita kwa jina. "Iweke chini hiyo bastola. Iweke, nakuomba. Yaishe."

"Nakuomba!" Wiebke akapiga ukelele. "Mmesikia? Leo anajua kuomba! Miaka tisa ananidharau, leo ananiomba!"

Akaivuta bastola mbali na mkono wa Hinrich, akaiinua chini ya taa ili hata waliokaa nyuma waone. Wakaona. Kidole cha shahada, kizima. Cha kati, kizima. Kile kidogo, kizima. Alama ya kidole cha pete iliishia katikati, kwenye ncha butu.

Hakuna aliyecheka. Mmoja baada ya mwingine, waligeuza macho kuelekea mlango wa jikoni, na Wiebke akageuka nao.

Folkert alikuwa anaingia na kahawa, birika mkono wa kulia, na mkono wa kushoto vikombe vitatu, kimoja kwenye kila kidole kizima.