Chupa za Darasa la Tatu

Mke wa seremala alikuwa amepiga magoti kwenye varanda ya shule, ananusa chupa. Anafungua kifuniko, anasogeza pua, anavuta pumzi, anaiweka chini, anashika nyingine. Zote zilikuwa chupa za soda za kijani, zimejazwa maji na kupangwa ukutani chini ya bango la watoto: HAKUNA TAKATAKA, KUNA MALI ILIYOACHWA. Na zote zilinuka sabuni.

Mwalimu alisimama nyuma yake, hajui amshike au amwache. Alikuwa ameshamuuliza mara mbili kama anaumwa.

"Moja ya hizi ilikuwa na sumu ya mchwa," mama akasema bila kugeuka. "Binti yangu ameileta leo."

Mwalimu akapiga magoti, akaanza kunusa naye.

Kosa lilikuwa la seremala, hilo halina ubishi. Sumu ya kupaka mbao alinunua ya kupimiwa kutoka kwenye pipa, na mnunuzi huenda na chombo chake. Chombo chake kilikuwa chupa ya soda. Mkewe alisema mpaka mdomo ukamchoka: sumu haiwekwi kwenye chupa ya kinywaji. Sikio la kufa halisikii dawa. Mume alimjibu kwamba chupa inakaa chini ya meza ya randa, na huko nani ataingia?

Chiriku ataingia. Ndivyo walivyomwita binti yao, kwa kuongea kutwa. Tangu darasa lake lianze kufundishwa habari za taka, nyumba ilikuwa haina amani. Miswaki ya zamani ilisugua viatu. Magunia yaligeuka mazulia. Maziwa yakiwa nusu huku na nusu kule, Chiriku anayaweka pamoja, chombo kimoja kinapumzika. Vyombo vipya alivipiga marufuku, kwa hiyo hata tangawizi aliyochemshiwa baba yake ilikaa kwenye chupa ya soda, kwenye kabati la jikoni.

"Siku hizi naogopa hata kupiga chafya," seremala alikuwa akilalamika kitandani, mafua yamemziba pua na mdomo hauna ladha. "Asije akaniambia niitumie tena."

Asubuhi hiyo, kwa kuwa mume hajiwezi, mke aliingia karakana kumalizia kitanda cha mteja. Akainama chini ya meza kuchukua sumu. Palikuwa na alama ya duara kwenye vumbi la mbao, chupa hakuna. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba leo kila mtoto alitakiwa kwenda shuleni na chupa kuukuu, aioshe, iwe yake ya kunywea maji. Akatoka mbio na kanga ya kazini, mlango ameuacha wazi.

Njiani alimpigia mumewe, akamuuliza kama ameihamisha ile chupa ya sumu. Mume akasema hajaigusa, akaanza kuuliza kuna nini. Mke alimjua. Akiambiwa ukweli atainuka na homa yake, aje aanguke barabarani, na matatizo yawe mawili.

"Hakuna kitu," akamwambia. "Amka ukanywe tangawizi yako, uimalize. Nikirudi nisikute hata tone."

Mume akaguna, akasema haya.

Sasa chupa zilikuwa zimebaki chache na pua yake ilikuwa haitofautishi chochote tena. Sabuni ilikuwa imefunika kila kitu. Akasikia kelele getini. Darasa la tatu lilikuwa linarudi kutoka kuokota taka mtaani, jua limewachoma, wanakimbizana kuwahi maji.

Akaacha kunusa. Akashika chupa ya kwanza, akaimwaga, akashika ya pili, akaimwaga. Mwalimu akakimbilia ngazini, akatandaza mikono kuwazuia watoto. Maji yalitiririka varandani, na watoto walitazama, magunia yao mabegani. Mmoja akaanza kulia kwa kiu.

"Mama?" Chiriku akajipenyeza mbele, uso umemwiva kwa aibu. "Mama, unamwaga maji?"

Mama alimkamata mabega, akamfungua mdomo, akamnusa pumzi kama alivyonusa chupa. Amekunywa? Wenzake wamekunywa? Chiriku akatikisa kichwa. Mwalimu alisema kazi kwanza, maji baadaye, hakuna aliyeonja.

Mwalimu mwenyewe akathibitisha. Chupa zilijazwa na kuachwa pale, hakuna hata mmoja aliyezigusa.

Mama akakaa kwenye maji, akamvutia binti yake kifuani, akalia bila kujificha. Alilia mpaka kilio kikageuka kicheko, na watoto, kwa kuona mtu mzima amekaa kwenye dimbwi, wakacheka naye. Mwalimu akaenda kutafuta gunia la kuzitia zile chupa, zikatupwe mbali. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, mke wa seremala alivuta pumzi ikafika.

Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Akawakumbuka kuku wa jirani, wanaodonoa kila kinachomwagwa uani.

"Na ile iliyokuwamo," akauliza, "uliimwaga wapi?"

Chiriku akamtazama kama aliyetukanwa.

"Mimi simwagi vitu, mama. Zilikuwa nusu na nusu, na rangi ni ileile, nikaimimina kwenye ya baba." Akatabasamu. "Hata tone halikupotea."